Dar es Salaam hadi Mumbai: Umbali, Muda na Mwili wa Mgonjwa

Wagonjwa wengi kutoka Tanzania husafiri kwenda India kutibiwa maradhi ya moyo, figo na saratani. Swali la kwanza la mgonjwa na jamaa zake aghalabu huwa: ni mbali kiasi gani? Swali hilo lina majibu mawili, na jibu la kilomita si lile linalougusa mwili.

Kati ya Dar es Salaam na Mumbai pana takriban kilomita 4,700 kwa njia ya anga iliyo fupi kabisa. Ndege ya abiria huenda kwa kasi ya kilomita 800 hadi 900 kwa saa. Kwa hiyo safari ya moja kwa moja huchukua karibu saa 6. Ikipitia Dubai, umbali hufikia kama kilomita 5,900, na kungoja ndege ya pili huweza kuifikisha safari saa 10 au zaidi. Muda huo wote ndio unaopaswa kuelezwa kwa daktari.

Utafiti ulioratibiwa na Shirika la Afya Duniani, uliotangazwa mwaka 2007, ulionyesha kwamba kusafiri kwa saa 4 au zaidi huongeza takriban maradufu uwezekano wa damu kuganda katika mishipa ya miguu. Kwa mtu mwenye afya hatari hiyo ni ndogo, lakini huongezeka kwa mwenye saratani au aliyefanyiwa upasuaji karibuni. Bonge la damu likifika kwenye mapafu huweza kuua. Mgonjwa anyooshe na kukunja vifundo vya miguu mara kwa mara, atembee inapowezekana, na anywe maji. Aidha, hewa ndani ya ndege hufanana na ya mlima wa mita 1,800 hadi 2,400, hivyo mwenye upungufu wa damu, selimundu au maradhi ya mapafu apimwe kabla ya kuondoka.

Tiketi nayo huweza kupotosha, kwa kuwa huonyesha saa za kila mji. Mumbai imeitangulia Dar es Salaam kwa saa 2 na nusu. Ndege iondokayo saa 4:00 usiku hufika saa 12:30 asubuhi ya huko, ilhali nyumbani ni saa 10:00 alfajiri. Anayechoma insulini kwa kufuata saa ya ugenini hukaribisha dozi mbili, na sukari huweza kushuka mno.

Kwa hiyo mhudumu wa afya amwandikie mgonjwa ratiba ya dawa kwa saa za Dar es Salaam hadi atakapofika, kisha daktari aelekeze namna ya kuibadilisha. Insulini ikae kwenye mkoba wa mkononi, kwani katika sehemu ya mizigo huweza kuganda na kuharibika.