Photopea: Fundi Anayekuja na Cherehani Yake

Watu wakilinganisha zana za bure za kuhariri picha mtandaoni huhesabu vitufe: hii ina fonti nyingi, ile ina vichujio vizuri. Mimi nauliza kwanza picha inashonewa wapi.

Canva, iliyoanza Australia mwaka 2013, huitunza picha yako kwenye seva zake. Remove.bg, iliyozinduliwa mwaka 2018, hufutia mandharinyuma hukohuko kwenye seva, kisha hukurudishia bure nakala ndogo, kubwa hulipiwa. Hao ni mafundi wa kupelekewa kitambaa dukani.

Photopea huja na cherehani yake hadi barazani kwako. Ivan Kutskir aliitoa mwaka 2013, akiiandika kwa JavaScript, nayo huishi kwa matangazo yanayokaa pembeni. Ukurasa ukishafunguka, programu imeshashuka kwenye kivinjari. Jaribu: fungua picha, kisha zima data. Utakata, utaongeza mwanga, utapanga tabaka, yaani picha zinazolaliana moja juu ya nyingine, na kuhifadhi. Picha haijatoka mikononi mwako, na bando halijaliwa kwa kuipandisha na kuishusha.

Mzigo wote, basi, hubebwa na kifaa chako. Faili la JPEG ni kitambaa kilichokunjwa. Picha ya pikseli 4000 kwa 3000 inaweza kuwa na MB 4 tu, lakini ili ihaririwe lazima ikunjuliwe: pikseli milioni 12, kila moja ikishika baiti 4 za nyekundu, kijani, bluu na uwazi. Hizo ni MB 48 za kumbukumbu. Ukiinakili picha hiyo kwenye tabaka nne zaidi, jumla ni MB 240. Simu ndogo ikikwama hapo, tunaulaumu mtandao bila kosa.

Kwa kuwa kinachohitajika ni kifaa na kivinjari tu, naumia kuona kompyuta za shule zimefunikwa vitambaa kwa hoja kwamba hazina programu, na vijana wakipakua Photoshop za wizi zilizojaa virusi. Kompyuta ya kawaida yenye kivinjari cha kisasa inatosha kumfundisha mtoto tabaka ni nini. Na picha ya kitambulisho au ya mgonjwa haina sababu ya kusafirishwa hadi seva ya ng'ambo ili ikatwe pembe tu.

Mengine utayazoea: kufungua faili la Photoshop (PSD) ulilotumiwa na mbunifu, kupunguza uzito wa picha ya maombi ya kazi, kadi ya mchango wa harusi, bango la duka, picha ya babu iliyochanika.