Marudi ya Kosa katika Mitandao ya Konvolusheni

Husemwa siku hizi ya kwamba mashine "imejifunza" kusoma mwandiko wa mkono. Neno hilo limezoeleka mno hata hatuulizi tena ni kitu gani ndani ya mashine kilichobadilika, wala kilijuaje kibadilike kwa kadiri gani. Nia ya makala haya ni kueleza jambo hilo moja: jinsi kosa lionekanalo mwishoni mwa hesabu linavyorudishwa hatua kwa hatua mpaka likazifikia namba zilizolisababisha. Watunga istilahi nao wanahusika, maana jina la Kiswahili litakalochaguliwa laweza kumwonyesha mwanafunzi njia, au kumpoteza.

Tuchukue kazi iliyochapishwa mwaka 1989 na Yann LeCun na wenzake wa Bell Laboratories, huko New Jersey, Marekani. Walitaka mashine isome tarakimu za anwani zilizoandikwa kwa mkono juu ya barua zilizopita katika posta ya Buffalo, jimbo la New York. Tarakimu zilikuwa 9,298. Kati ya hizo 7,291 zilitumika kufundishia, na 2,007 zikawekwa kando kwa kujaribia. Kila moja ilifanywa picha ndogo ya pikseli 16 kwa 16.

Juu ya picha hiyo hupitishwa kichujio. Kichujio si kitu ila mraba wa namba 25, tano kwa tano, ambazo tutaziita vizidisho. Kila kinapotua, kila kizidisho huzidishwa kwa pikseli iliyo chini yake, mazao yote hujumlishwa, na jibu huandikwa mahali pake katika karatasi mpya. Kisha kichujio husogea pikseli mbili na kutua tena. Katika tabaka la kwanza la mtandao wa LeCun vilikuwako vichujio 12, na kila kimoja kilitoa karatasi ya majibu 8 kwa 8, yaani vituo 64. Lililo kubwa ni hili: vizidisho 25 ni vile vile katika vituo vyote 64. Tabaka zima lilikuwa na viungo 19,968, lakini namba za kufundishwa zilikuwa 1,068 tu: vizidisho 300, na nyongeza 768, moja kwa kila kituo.

Sababu yake yaeleweka upesi na mtu aliyezoea hati zetu za kale za herufi za Kiarabu. Nukta ni nukta, iwe juu ya herufi au chini yake, mwanzo wa mstari au mwisho. Jicho halijifunzi nukta upya kwa kila pembe ya ukurasa. Kama nukta iko juu au chini, hilo ni jambo kubwa, kwani ndilo litengalo ta na ba. Lakini kuamua hivyo ni kazi ya tabaka zifuatazo, si ya kichujio chenyewe.

Walakini faida hiyo yaleta swali gumu. Kizidisho kimoja kimeshiriki katika majibu 64. Baadhi ya majibu hayo yamezidi, mengine yamepungua. Kikisikilize kituo kipi?

Tufanye hesabu ndogo iwezekanayo kufuatwa kwa kalamu. Picha yetu iwe mstari mmoja wa pikseli tatu: 3, 1, 2. Kichujio kiwe na vizidisho viwili tu: cha kushoto ni 2, cha kulia ni -1. Kituo cha kwanza hutoa 2 × 3 kutoa 1 × 1, yaani 5. Cha pili hutoa 2 × 1 kutoa 1 × 2, yaani 0. Majibu yaliyotakiwa yalikuwa 4 na 2. Basi kituo cha kwanza kimezidi kwa 1, na cha pili kimepungua kwa 2. Tuandike 1 na -2. Kosa lote tulipime kwa nusu ya jumla ya miraba ya tofauti hizo: ni 2.5.

Sasa tukiulize kila kizidisho fungu lake katika kosa. Kanuni ni nyepesi: tofauti ya kituo huzidishwa kwa pikseli ambayo kizidisho kiliikuta pale. Kizidisho cha kushoto kilikuta 3 katika kituo cha kwanza na 1 katika cha pili. Mafungu yake ni 3 na -2. Kizidisho cha kulia kilikuta 1, kisha 2. Mafungu yake ni 1 na -4. Kituo cha kwanza, basi, chataka vizidisho vyote viwili vipunguzwe. Cha pili chataka vyote viongezwe. Hakuna kituo kinachopewa amri peke yake: mafungu hujumlishwa. Cha kushoto hupata 1, cha kulia hupata -3. Hilo ndilo jibu la swali letu.

Tukivisogeza vizidisho kinyume cha mafungu yao, kwa sehemu moja ya kumi tu, cha kushoto huwa 1.9 na cha kulia -0.7. Tupige hesabu tena: kituo cha kwanza chatoa 5 vile vile, cha pili chatoa 0.5. Kosa lote limeshuka toka 2.5 hadi 1.625. Msomaji atazame kwamba kituo cha kwanza hakikufaidi kitu. Faida yote imekwenda kwa cha pili, kilichokuwa kimekosa zaidi.

Lakini aghalabu pikseli tulizozitumia si picha yenyewe, bali ni majibu ya tabaka lililotangulia, nalo lina vizidisho vyake. Yapasa kosa liendelee nyuma. Hapa twatumia vizidisho vya zamani, 2 na -1, kwani ndivyo vilivyolifanya kosa. Pikseli ya kwanza iliguswa na kituo cha kwanza tu, kwa kizidisho cha kushoto: fungu lake ni 1 × 2, yaani 2. Ya tatu iliguswa na kituo cha pili tu, kwa kizidisho cha kulia: -2 × -1, yaani 2. Ya katikati iliguswa na vyote: kwa kituo cha kwanza ilikuwa kulia, kwa cha pili ilikuwa kushoto, fungu lake ni -1 na -4, jumla -5. Tofauti ya kituo kilichotangulia imekutana na kizidisho cha kulia, na tofauti ya kituo kilichofuata imekutana na cha kushoto. Maana yake ni kwamba kurudi nyuma nako ni kupitisha kichujio, ila kichujio kimegeuzwa, kushoto kuwa kulia. Na katika picha ya kweli, juu kuwa chini pia. Wanafunzi wengi huipokea kanuni hii kama muujiza. Si zaidi ya kuuliza kila pikseli iliguswa na nani.

Kati ya tabaka na tabaka za mtandao ule kilikuwapo pia kipindo kilichobana majibu yasizidi mpaka. Kosa likipita hapo huzidishwa kwa mwinuko wa kipindo mahali pale. Palipo tambarare kabisa, halipiti.

Utaratibu wenyewe haukuzaliwa mwaka 1989. Seppo Linnainmaa wa Helsinki alieleza hesabu ya kurudi nyuma katika tasnifu yake ya 1970, na David Rumelhart, Geoffrey Hinton na Ronald Williams walionyesha mwaka 1986 jinsi inavyofaa kufundishia mitandao. Kunihiko Fukushima wa Japani alikuwa na mtandao wa vichujio mwaka 1980, lakini aliufundisha kwa njia nyingine. LeCun na wenzake waliviunganisha viwili hivyo kwa kazi ya kweli. Baada ya kuzipitia tarakimu za mafunzo mara 23, kazi iliyochukua siku tatu, mashine yao ilikosa asilimia 0.14 ya zile ilizofundishiwa, na asilimia 5.0 ya zile ambazo haikupata kuziona.

Sasa jina. Mtu akitafsiri neno kwa neno atapata "uenezaji wa nyuma", na mwanafunzi atadhani kwamba picha inaenezwa, au kwamba maarifa yanaenea. Kinachokwenda nyuma ni mafungu ya kosa, nayo hayaenezwi ovyo: kila fungu lina mwenyewe. Napendekeza "marudi". Kitenzi "kurudi" kina maana mbili za zamani: kuja tena ulikotoka, na kumwonya au kumtengeneza aliyekosa, kama tusemavyo kumrudi mtoto. Jambo letu lataka maana zote mbili kwa pamoja. Hatari iliyopo ni kuchanganywa na "marudio", ambayo ni kufanya tena, na marudio yamo kweli katika kazi hii, zile mara 23. Kwa hiyo afadhali tuseme "marudi ya kosa" kwa ukamilifu. Na mahali pa kitenzi, kosa hurudishwa, kizidisho hurudiwa.