Kidau Kwanza, Wanangu

Msimu wa korosho ukikaa sawa, kijiweni Mkomaindo hakuna sela asiye na mchongo. Msimu wa 2024 bei minadani zilivuka buku nne kwa kilo, na mpunga ulipoingia kwenye akaunti za wazee, vijana nao wakapata chao. Kuna aliyevuta boda mpya, kuna aliyeezeka bati, kuna aliyekula bata mpaka Januari ikamkuta na jero mfukoni. Siku hizi kuna stori nyingine inazunguka kuanzia Masasi mpaka Newala: masela wanne watano wanajichanga, wanashuka Mtwara, wanavuta boti ya mashine ya mtumba, wanaiweka Mikindani au Shangani, wanapiga mishe ya kutembeza watu. Wateja wapo. Kuna familia za huku juu zinazoshuka kuiona bahari sikukuu ya Idd na Krismasi, kuna wageni wanaotafuta nyangumi, kuna maharusi wanaotaka picha kali. Mimi huu mchongo naukubali kinoma.

Ila sikiliza wanavyouchora. Boti kubwa imeshapigwa rangi kichwani, spika zipo, turubai la kivuli lipo, jina la ubavuni wameshaligombania mpaka wamenuniana. Mteja atatokaje mchangani mpaka afike kwenye hiyo boti? Hapo kijiwe kizima kimya. Mmoja atajibu, "Tutaokota kimtumbwi chochote hapo hapo." Wanangu, hicho chochote ndicho kitakachowatoboza au kuwazamisha. Bi mkubwa aliyekuja na khanga zake na mjukuu mkononi hataikumbuka spika yako. Atakumbuka alivyoyumba wakati anapanda.

Pwani ya kusini ina tabia zake. Siku za bamvua, maji kati ya kujaa na kupwa yanapishana zaidi ya mita 3. Asubuhi umeacha bahari inagonga minazi, mchana unaikuta imesepa huko, imeacha mwamba, majani, tope na vidude vya miiba vinavyosubiri unyayo wako. Boti ya mita 9 au 10 haiji hapo. Inakaa kwenye kina, imetia nanga, na katikati yenu kuna mita mia mbili tatu za maji ambayo ni marefu kwa kutembea na mafupi kwa boti. Pengo hilo ndilo linalozibwa na kidau. Kwa hiyo kidau kinachaguliwa kwa kuangalia pwani na watu utakaowabeba. Ubishoo weka pembeni.

Tuanze na mtumbwi, maana ndio wa bei chee. Wana wa Newala walioshuka bondeni kuvuka Ruvuma wanaujua: gogo moja limechongwa, mara nyingi mwembe, mwembamba, mgumu, unadumu. Kwa mvuvi aliyekulia humo ni mali. Kwa mteja wako wa Masasi ambaye hajawahi kukanyaga chombo ni msala, maana akisimama tu unalala upande. Ngalawa imetulia zaidi kwa sababu ya yale matengo yake ya pembeni, ila matengo hayo hayo ndiyo yanayozingua ukifika kwenye boti. Huwezi kuibananisha ubavu kwa ubavu. Miti inagonga, pengo linabaki, na mtu anaambiwa aruke. Piga chini, bila kinyongo.

Boti ya mpira ndiyo inayowadatisha wengi, na sababu wanazo. Ni nyepesi, masela wawili mnaibeba. Imetulia majini, mtu mzito akikalia ukingo haigeuki. Ikigusa boti kubwa haikwaruzi rangi. Wenye boti za starehe duniani kote wanaipenda kwa hayo. Sasa njoo kwenye jua letu. Boti nyingi za mpira za bei ya chini zimetengenezwa kwa PVC, na PVC na jua la ikweta haziivi. Linaikausha, linailegeza gundi kwenye maungio, na mwisho ngozi yake inaanza kunata. Ukiigusa ya mtumba na vidole vikabaki na utelezi wa gundi, rudisha hela mfukoni, hicho ni kimeo. Kitambaa kinachohimili jua ni kile watu wa baharini wanachokiita Hypalon. DuPont waliacha kukitengeneza mwaka 2010, ila wengine wanaendelea kutengeneza cha aina hiyo na jina limebaki. Bei yake inauma. Ukiona mtumba wa Hypalon uliokaa vizuri, kwa kweli ni bora kuliko PVC mpya.

Namna ya kuupima unaijua tayari, fundi pancha wa kitaa amekufundisha. Jaza upepo jioni, acha mpaka asubuhi, kisha paka maji ya sabuni kwenye maungio yote, kwenye valvu na pale mpira unaposhikana na ubao wa nyuma. Povu likichemka, umempata mchawi. Angalizo moja: upepo uliojazwa juani unasinyaa usiku ukipoa, kwa hiyo kulegea kidogo asubuhi sio lazima kuwe pancha. Kulegea mpaka inakunjika, hapo kausha, kula kona. Halafu nenda nyuma, ushike ule ubao unaobeba mashine, utikise kwa nguvu, uugonge kwa kipande cha chuma. Mbao nzima inalia kavu. Iliyooza inajibu kwa sauti ya kufa, kama inameza.

Hata ikipita mtihani wote huo, bado kuna mwamba. Kila siku unaburuta mpira juu ya mawe yenye chaza wanaokata mithili ya wembe. Gundi sahihi na viraka sahihi havipo duka la kona. Sisi tunaoanza na mtaji wa kuungaunga, siku tatu za kusubiri gundi itoke Dar katikati ya Idd ni siku tatu za nyomi limepanga foleni kwa jirani.

Faiba ni ya katikati. Ni ngumu, haiozi, na mafundi wa kuiziba wanapatikana. Ila ni nzito kuliko inavyoonekana, na ya mtumba inaficha. Pitisha kiganja sakafuni ukitafuta sehemu inayobonyea, maana ndani ya hapo kuna mbao au povu lililokunywa maji miaka yote hiyo. Ukipata safi kwa bei ya kueleweka, chukua, sitakulaumu.

Mimi hela yangu naiweka kwenye kidau cha mbao. Cha urefu wa mita 4 hivi, kipana, kitako bapa, kiundwe na fundi wa Mikindani au wa Mtwara ambaye unaweza kumfuata kwake na kukaa kwenye gogo lake kuangalia anachofanya. Nimekaa hapo. Fundi anasokota pamba, anaichovya kwenye mafuta, anaipigilia kwenye upenyo kati ya ubao na ubao kwa patasi butu na nyundo, taratibu, anarudi nyuma, anasikiliza mlio, anasonga mbele. Hiyo ndiyo kalafati, na ndiyo inayofanya bahari ibaki nje. Ukishaiona ikipigwa huwezi tena kumlalia mtu bei. Mwambie aweke mataruma karibu karibu ili sakafu isibonyee watu wakishuka kwa pamoja. Chini ya mkuku apigilie ubao wa ziada wa kuchakaa, huo ndio usuguliwe na mwamba, na mwakani unabadilishwa kwa hela ndogo. Ubavuni fungeni matairi ya boda yaliyochoka, mzunguko mzima, rangi ya boti kubwa itawashukuru.

Kitu kimoja kinawapa presha sana watu wa bara: kidau kipya kikishushwa siku ya kwanza kinavuja. Msianze kumaindi na kumwita fundi tapeli. Mbao zinakunywa maji, zinavimba, zinabana, na baada ya muda kinakauka ndani. Kinachokiua ni kukipandisha mchangani na kukiacha juani wiki nzima bila kazi, hapo mbao zinasinyaa na kalafati inaachia. Kifunikeni makuti, kimwagieni maji ya bahari. Kama mnanunua cha mtumba, chukua kisu, uchome kwa ncha kandokando ya mkuku na nyuma kwenye tezi. Ncha ikizama bila ubishi, mdudu wa baharini ameshakula. Misumari inayolia kutu nayo ni stori ndefu ya gharama.

Sasa mashine. Hapa najua nitagombana na kijiwe, ila nasema hivi: mwanzoni msiinunue. Ndani ya ghuba ya Mikindani, ambako maji yamekingwa, mita mia mbili ni kazi ya makasia mawili, vishwara vizuri vya kamba, na pondo moja kwa maji mafupi. Mashine mpya ya farasi 15 inaweza kuizidi bei boti inayoisukuma. Huo mkwanja uwekeni kwenye boti kubwa, kwenye mashine yake ambayo ikizima mko mbali na nchi kavu. Kubwa ni kupanga muda: bebeni watu asubuhi, maana miezi ya kusi upepo wa mchana ukikaza, kupiga kasia kwenda mbele ni kuomba dua.

Msimbati ni habari nyingine. Karibu na mdomo wa Ruvuma mikondo inavuta, na hapo kasia pekee ni kuchezea roho za watu. Mkifikia kufanya kazi kule, tafuteni mashine ambayo kila fundi wa feri anaifungua akiwa anapiga stori, na kwa pwani yetu hiyo ni Yamaha Enduro, ya kuchanganya petroli na oili. Ile ya farasi 15 inakaribia kilo 40, wakati Yamaha ya nguvu hiyo hiyo isiyochanganya oili inafika kilo 50. Hizo kilo kumi mtazihisi kila jioni mnapoivua. Na kila jioni izungushiwe maji baridi ndani, chumvi itoke. Sisi tuliokulia Newala kukinga maji ya mvua tunajua ndoo ya maji ina thamani gani, kwa hiyo lile pipa la kuoshea mashine liingizwe kwenye bajeti tangu siku ya kwanza.

Uzito ndio somo lenyewe, na hapa naomba tusitaniane. Watu 5 wa kilo 75 ni kilo 375. Weka mashine 40, weka galoni la lita 25 za petroli ambalo ni karibu kilo 19, weka ndoo ya pilau na mabegi, umefika 450 bila kelele. Boti ya mpira ina kibao kinachotaja idadi ya watu na kilo, kisome. Ya mbao mpeleke fundi majini, ingieni mmoja mmoja, mchore mstari pale ambapo maji hayatakiwi kupita, na mstari huo upakwe rangi nyekundu. Mteja wa mwisho atakuja na mkwanja mkononi, anaomba ajibanze. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara, Ziwa Victoria. Uwezo wake ulikuwa watu 101, na waliokufa walizidi 220. Kilikuwa kimebakiza hatua chache kufika. Mteja wa mwisho arudishwe mchangani, asubiri zamu ya pili, na akimwaga povu amwage.

Mkihama kituo mtakivuta kidau kwa kamba. Vueni mashine kwanza, ipandisheni kwenye boti kubwa, toeni kila kitu ndani. Kamba iwe ndefu, kidau kikae nyuma ya wimbi lenu na sio juu yake, kikikaribia sana kitakuja kuwagonga tezi. Bahari ikichafuka, msivute kabisa.

Usajili usiachwe mpaka mkamatwe. TASAC ndio wanaosajili na kukagua vyombo vidogo upande wa bara, na wakija wataanza na majaketi okozi. Nunueni ya kutosha watu wote wa boti kubwa, ya watoto yawe ya watoto kweli, na kila mtu alivae akiwa bado mchangani, kabla hajakanyaga kidau. Mkiingia Ghuba ya Mnazi mko ndani ya Hifadhi ya Bahari, iliyoanzishwa mwaka 2000. Kuna kiingilio, kuna taratibu, na nanga haitupwi juu ya matumbawe. Hayo matumbawe ndiyo mteja amelipia kuja kuyaona.

Hela ya korosho inashuka kuanzia Oktoba mpaka mwaka unapogeuka. Nyangumi wanapita pwani yetu kuanzia katikati ya mwaka mpaka kwenye Novemba. Kwa hiyo Januari, kabla bata halijala mtaji, mmoja wenu apande gari aende kwa fundi na malipo ya mbao tu, nusu ya kazi ilipwe mataruma yakishasimama, na iliyobaki siku kidau kitakapokaa majini usiku kucha na asubuhi kikakutwa kikavu.