Jicho la Mwana Mchanga Ndilo Chuo Chake cha Kwanza



Siku chache zilizopita tulikuwa barazani tumempakata mjukuu wetu wa miezi minne, na mkono wa pili tumeshika simu tukisoma ujumbe. Mwana akatukazia macho, akacheka, akatoa sauti. Hatukuitika. Akarusha mikono, akatoa sauti tena, kisha akageuza uso akatazama ukutani. Mama yetu mzazi, aliyekuwa ameketi kando na tasbihi yake, akasema: "Mwanangu, huyo asema nawe. Mbona humjibu?" Tuliona haya, nasi tukaona yafaa kuandika.

Mola ametukumbusha katika Surat An-Nahl, aya ya 78, kwamba tulizaliwa bila ujuzi wowote, na kwamba usikizi, uoni na moyo ni neema za kushukuriwa. Basi na tutazame neema ya uoni inavyokua.

Mtoto aliyezaliwa leo si kipofu, bali uoni wake ni mfupi. Huona vyema zaidi kitu kilicho umbali wa sentimita 20 hadi 30. Mama anayenyonyesha na ajipime: huo ndio umbali baina ya titi na uso wake. Ya mbali yote ni ukungu, ila uso wa mama u pale pale anapoweza kuuona.

Mwaka 1961 mtaalamu wa Marekani, Robert Fantz, alieleza jinsi alivyowalaza watoto wachanga chini ya picha mbili, akachungulia kupitia tundu aone jicho latua wapi. Waliipenda picha yenye michoro kuliko rangi tupu. Baadaye, mwaka 1964, alionyesha kuwa picha iliyorudiwa mara nyingi huwachosha, na mpya huwaamsha. Mtoto asiyeweza kuinua shingo tayari anakumbuka na kulinganisha. Ndiyo maana leso ya kisutu, yenye wekundu, weusi na weupe wake, humvuta mtoto kuliko shuka isiyo na maua.

Yafikapo majuma sita hivi, karibu na mama kutoka arubaini, mtoto huanza kuujibu uso kwa tabasamu. Kwenye miezi mitatu hufuata kwa macho kitu kinachopita. Akikaribia mwaka, mama akitazama mnazi naye hutazama mnazi. Mama akisema "kunguru", hujua jina hilo ni la nani. Hapo ndipo maneno yanapozaliwa.

Je, uso usipojibu? Mwaka 1978 Edward Tronick na wenziwe walichapisha jaribio ambalo mama, baada ya kucheza na mwanawe, alinyamaza akamtazama kwa uso mkavu kwa dakika chache. Watoto walitabasamu na kujaribu kumrudisha. Waliposhindwa, waligeuza nyuso wakanywea. Tulipolisoma hilo tulimkumbuka mjukuu wetu na ule ukuta.

Wengine watasema: tutamwekea katuni, atafunzwa na simu. Mwaka 2003 Patricia Kuhl na wenziwe huko Seattle walitoa matokeo ya watoto wa miezi 9, wa nyumba za Kiingereza, waliosikizishwa Kichina kwa vikao 12. Waliosomewa na kuchezeshwa na mtu aliye mbele yao walijifunza kupambanua sauti za lugha ile. Waliomwona mtu kwenye televisheni hawakupata kitu. Nalo Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, halishauri skrini kabisa kwa mtoto aliye chini ya miaka miwili. Na wa miaka miwili hadi minne isizidi saa moja kwa siku.

Hatusemi haya kumlaumu mama aliyechoka. Kughafilika kidogo hakumharibu mtoto. Katika majaribio ya aina ile, mama aliporejea kucheza, mtoto naye alianza kurejea. Ubaya ni ghafla ikiwa ada ya kila siku. Basi simu na iwekwe mbali wakati wa kunyonyesha. Umtazame, umsemeze, ungoje sauti yake, kisha umjibu. Akigeuza uso, ameshiba, muache apumzike. Na baba asidhani hii ni kazi ya wanawake peke yao.

Kuna jambo jengine la haraka. Ukiona weupe ndani ya mboni ya jicho la mtoto, au mtoto wa miezi mitatu hafuati kitu kwa macho, au kengeza ambayo haikuondoka baada ya miezi minne, mpeleke hospitali bila kungoja. Weupe huo waweza kuwa mtoto wa jicho au saratani ya jicho, na kila siku inayopita hupunguza nafasi ya kuuokoa uoni. Dua ni silaha ya muumini, na kutafuta tiba ni sehemu ya kutawakali.

Nasi tangu siku ile, tukimpakata mjukuu, simu hubaki chumbani. Mola atukuzie watoto wetu katika afya na kheri. Amin.