Kabla ya kuzikabidhi picha zako, uliza zitarudije

Wahenga walinena kuwa akiba haiozi. Aliyekusanya picha elfu hamsini katika tarakilishi yake asijifariji kwa methali hiyo. Picha za kidijitali huoza, tena huoza kimyakimya. Diski hufa bila kuugua, mwizi hutoroka na kipakatalishi, bomba la maji hupasuka ofisini wakati wa likizo, na mwenye mali hubaki akikodoa macho.

Si ajabu basi kwamba walimu na wanafunzi wengi siku hizi huniuliza ni kampuni gani inayofaa kukabidhiwa picha zao ili ziwekwe mbali na nyumbani, huko wanakokuita winguni. Wanataka jina moja na bei moja, basi. Nami huwajibu kwa kuwauliza: siku mtakapozihitaji, zitarudije?

Naamini kwamba swali hilo linastahili kutangulia mengine yote. Aghalabu watu huchagua hifadhi kwa kutazama mlango wa kuingilia: nafasi kubwa, bei ndogo, usajili wa dakika mbili. Mlango wa kutokea hawautazami hadi siku ya msiba, na siku ya msiba si siku ya kujifunza.

Mwanaisimu hana budi kuanza na neno. "Wingu" ni sitiari, na ni sitiari inayopotosha. Wingu halina mwenyewe, halina anwani, wala halileti bili. Hifadhi ya wingu ina vyote vitatu. Ni jumba lililojaa mitambo mahali fulani duniani, nalo huweza kuungua kama jumba jingine lolote. Tarehe 10 Machi mwaka wa 2021, moto uliteketeza jumba moja la kampuni ya OVHcloud mjini Strasbourg, Ufaransa. Baadhi ya wateja walipoteza data zao kabisa, maadamu hata nakala zao za akiba zilikuwa katika uwanja uo huo.

Neno linalofaa zaidi tunalo wenyewe, nalo ni amana. Akiba ni mali yako iliyo mkononi mwako. Amana ni mali yako iliyo mkononi mwa mwingine, naye ana wajibu wa kukurudishia kama ilivyokuwa. Wazee wetu hawakuweka amana kwa mtu wasiyemjua ati kwa kuwa nyumba yake ilikuwa kubwa. Walimchunguza kwanza.

Yamkini msomaji atauliza: kwa nini basi tusibaki na picha zetu nyumbani au chuoni? Jibu tulipewa Afrika Kusini. Tarehe 18 Aprili mwaka wa 2021, moto ulioanzia kwenye miteremko ya Table Mountain ulifika Chuo Kikuu cha Cape Town na kuunguza chumba cha kusomea cha maktaba ya Jagger, pamoja na sehemu kubwa ya mikusanyo ya masomo ya Afrika. Kilichokuwa na nakala mahali pengine kiliokolewa na nakala hiyo. Kilichokuwa hapo tu kikawa majivu.

Suala hili linanigusa mimi mwenyewe. Kwa miaka kumi na minane nimekuwa nikipiga picha za lugha: misemo ya kanga, maandishi ya matatu, vibao vya maduka, na kurasa za miswada ya Kiswahili kwa hati ya Kiarabu nilizoonyeshwa na familia mbalimbali Lamu na Pate. Zimetimia picha elfu sitini, takriban terabaiti moja na robo. Baadhi ya miswada hiyo ilikuwa tayari imeliwa na mchwa. Wazee wawili walionifungulia makasha yao wamekwisha kufariki, na makaratasi ya mmoja wao hayapo tena. Picha ndizo zilizobaki. Siwezi kudai kuwa ni zangu. Nami nimewekewa amana, na ninapomkabidhi mwingine, ninamkabidhi amana ya watu.

Wapiga picha wana kanuni iliyoenezwa na mwenzao wa Marekani, Peter Krogh: uwe na nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, na moja kati ya hizo iwe mahali pengine. Wingu ni njia moja tu ya kupata hapo "mahali pengine". Halichukui nafasi ya nakala nyingine mbili.

Hata taasisi kubwa haitoshi peke yake. Miswada ya Msikiti wa Riyadha, Lamu, ilipigwa picha chini ya mpango wa British Library wa kunusuru kumbukumbu zilizo hatarini, na picha zake zikawekwa mtandaoni. Mnamo Oktoba 2023 maktaba hiyo ya London ilivamiwa na wahalifu wa mtandao, na kwa miezi kadhaa mikusanyo yake ya kidijitali haikufikika. Bahati njema ni kwamba mpango huo una kanuni ya busara: miswada asilia haihamishwi, na nakala za picha huachwa pia katika nchi zilikotoka. Kanuni hiyo ya taasisi inamfaa pia mwalimu mmoja mwenye simu moja.

Sasa tuligawanye swali letu mara nne.

La kwanza: je, zitarudi? Hapa pana mkanganyiko wa maneno unaowagharimu wengi. Kusawazisha si kuhifadhi. Huduma ya kusawazisha huhakikisha kuwa kilicho kwenye simu yako ndicho kilicho winguni. Ukifuta huku, hufutika na kule. Mwalimu mmoja ninayemfahamu alifuta picha za miaka minne katika simu yake ili apate nafasi, akiamini kwamba "ziko winguni". Alipozitafuta muhula uliofuata, muda wa kuzitoa kwenye kapu la taka ulikuwa umekwisha kupita. Mashine ilitii amri yake barabara.

Kwa hiyo uliza: nikifuta picha leo, au faili zikiharibiwa na virusi, nitaweza kurudi kwenye hali ya jana kwa muda gani? Siku thelathini ni chache mno kwa mtu anayefungua mkusanyo wake mara moja kwa muhula. Tafuta huduma inayotunza matoleo ya zamani kwa mwaka mzima au zaidi. Uliza pia kuhusu diski ya nje, kwa kuwa ziko huduma zinazoihesabu kuwa imefutwa isipounganishwa na tarakilishi kwa muda fulani.

Isitoshe, masharti hubadilika. Mwaka wa 2019 Flickr ilianza kuwawekea wateja wasiolipa kikomo cha picha 1,000. Tarehe 1 Juni 2021 Google Photos ilikomesha nafasi isiyo na kikomo iliyokuwa ikitolewa bure. Amazon Drive ilifungwa tarehe 31 Desemba 2023. Mwaka wa 2019 ilifahamika kuwa Myspace ilikuwa imepoteza picha na muziki uliowekwa humo kabla ya 2016. Sisemi kwamba kampuni hizi zina nia mbaya. Nasema kwamba mtegemea cha nduguye hufa maskini, na cha bure hakina mkataba.

La pili: je, zitarudi kama zilivyokuwa? Ziko huduma zinazopunguza ukubwa wa picha ili kuokoa nafasi. Picha ya arusi haitadhurika sana, lakini katika ukurasa wa muswada nukta moja juu ya herufi huweza kugeuza neno. Chagua daima ubora halisi. Fauka ya hayo, ndani ya kila picha mna tarehe, saa na pengine mahali ilipopigwa. Huduma nyingine, Google Photos ikiwa miongoni mwao, ukiomba picha zako zote kwa pamoja hukuletea sehemu ya maelezo hayo katika faili za kando. Mtafiti asipojua hilo, atapokea maelfu ya picha na kushindwa kuzipanga. Chagua huduma itakayokurudishia mafolda yako kwa majina na mpangilio uleule uliouweka.

La tatu: je, zitarudi kwa muda gani na kwa gharama gani? Hapa hesabu ya darasa la nane inatosha. Terabaiti moja ni megabiti milioni nane. Kwa mtandao unaopitisha megabiti kumi kwa sekunde, utahitaji sekunde laki nane, yaani zaidi ya siku tisa, mchana na usiku, bila umeme kukatika. Mkusanyo wangu ungechukua zaidi ya siku kumi na moja. Kumbuka kuwa kasi ya kupakia mara nyingi ni ndogo kuliko ile ya kupakua inayotajwa katika matangazo. Kwa hivyo hifadhi inayofaa ni ile inayoendelea ilipoachia mtandao unapokatika, wala hairejei mwanzo.

Ama kuhusu gharama, zipo hifadhi za bei ya chini sana ambazo hutoza wakati wa kutoka. Amazon ina ghala la kumbukumbu liitwalo Glacier Deep Archive. Katika vituo vyake vya bei nafuu nchini Marekani, kuweka terabaiti moja humo hugharimu takriban dola moja kwa mwezi. Lakini faili haipatikani papo hapo. Huchukua hadi saa kumi na mbili, au hata saa arubaini na nane ukichagua njia ya bei nafuu. Kisha kuitoa nje kwa mtandao hutozwa takriban senti tisa za dola kwa kila gigabaiti baada ya gigabaiti 100 za kwanza katika mwezi. Anayetoa terabaiti nzima kwa mkupuo atalipa zaidi ya dola 80, ilhali kuiweka mwaka mzima kulimgharimu dola 12. Hiyo si hila, kwani bei imetangazwa waziwazi. Ghala hilo huwafaa wanaotarajia kutoihitaji amana yao ila siku ya maafa. Halimfai mwalimu anayetaka picha ya somo la kesho.

Na hata penye pesa, pana bahari. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika, na mtandao ukawa wa kusuasua katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki. Aliyekuwa na picha zake ng'ambo pekee alijionea jinsi ng'ambo ilivyo mbali. Ndiyo maana nasisitiza kuwa nakala ya nyumbani isitupwe.

La nne: je, zitarudi kwa nani? Huduma bora hukuruhusu kuzifunga picha kwa ufunguo ambao hata kampuni yenyewe haina. Huo ni ulinzi mkubwa, lakini ukipoteza ufunguo huo hakuna fundi wa kukuokoa. Uandike kwenye karatasi, na karatasi iwekwe mahali salama anapopajua mtu mmoja unayemwamini. Tangu Desemba 2023 Google imeweza kufuta akaunti za watu binafsi zisizotumiwa kwa miaka miwili. Mtafiti akifariki, au akiugua kwa muda mrefu, nani atafungua mlango? Wasia wa shamba tunauandika; wa picha hatuufikirii.

Hapa pia pana sheria. Walimu wetu hupiga picha nyingi za wanafunzi na kazi zao katika mtaala wa umilisi. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019 hapa Kenya inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya data ya mtoto kushughulikiwa, na ina masharti kuhusu kupeleka data ya watu nje ya nchi. Picha za watoto wa wenyewe hazipaswi kuchanganywa na picha zako za arusi katika akaunti moja ambayo jamaa zako wote wanajua nywila yake.

Baada ya kuyapima hayo, nimefanya uamuzi ambao naupendekeza kwa yeyote mwenye mkusanyo mkubwa. Nakala ya kwanza imo katika diski ya tarakilishi ninayofanyia kazi. Ya pili imo katika diski ya nje inayokaa kwa dada yangu, katika mji mwingine, nami huibadilisha kila likizo. Ya tatu iko kwa kampuni ninayoilipa ada moja ya mwaka, inayotunza matoleo ya zamani kwa miezi kumi na miwili na isiyotoza chochote ninapochukua changu. Si kampuni ya bei ya chini kupita zote.

Mwanafunzi asiye na uwezo wa kulipa asikate tamaa. Data ya tasnifu moja ni ndogo. Diski mbili ndogo, moja chuoni na nyingine kwa wazazi, pamoja na nafasi ya bure iliyopo kwenye akaunti yake, zinatimiza kanuni ileile. Hata hivyo, vyuo vyetu visijivue lawama. Chuo kinachomtaka mtafiti akusanye data ya jamii kina wajibu wa kumpa mahali pa kuitunza, badala ya kumwachia abahatishe na akaunti ya barua pepe.

Waama, mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa hiyo, mwalimu mwenzangu, kabla ya kulipa ada ya mwaka, omba kipindi cha majaribio. Pakia folda moja, kisha keti kwenye tarakilishi nyingine, uagize picha ishirini zirudi. Zihesabu, zifungue, tazama tarehe zake, na uandike katika daftari zilichukua muda gani. Lirudie zoezi hilo kila mwanzo wa muhula. Picha zikija kamili, umempata wa kumwekea amana. Zisipokuja, umelijua hilo ungali na nakala yako mkononi.