Baharini, tengeneza skana kwanza

Wanafunzi wangu wanapenda Subnautica, mchezo wa kompyuta uliokamilishwa mwaka 2018. Mchezaji ameanguka katika bahari ya sayari ngeni, mikono mitupu. Ndugu msomaji, ukijaribu, anza na skana. Vunja mawe ya chokaa upate titani na shaba. Uyoga wa asidi, vipande viwili, pamoja na shaba moja hutoa betri. Betri na titani moja hutoa skana. Kisha mulika mabaki ya meli: vipande vikitosha, unajua kuunda chombo kizima. Sisi tuliosomea ukimbizini tunalielewa somo hilo. Mali ilibaki njiani. Tulichojifunza kilivuka mpaka nasi, bila kutozwa ushuru.