Mitumba, EPZ na sisi tunaopenda kuvaa: soma kabla hujamshangilia mtu jukwaani

1/ Kila msimu wa kampeni, mmoja atasimama aseme "mitumba ipigwe marufuku, tulinde viwanda." Mwengine atamjibu "mtawaua njaa mama zetu wa sokoni." Umati washangilia wote wawili. Mimi nasoma sayansi ya siasa, nakaa Likoni, na nguo nazipenda kupita kiasi. Wacha niwaeleze kinachozozaniwa. Sitaji mtu wala chama, na nyinyi msitaje kwenye majibu.

2/ Kwanza Kongowea. Mtumba ni ule mzigo wenyewe uliofungwa, robota. Unashuka Kilindini, unafunguliwa sokoni. Zile safi za juu ni kamera, za mwisho zinazouzwa bei ya kutupa ni fagia. Mwenye kununua robota haoni ndani kabla ya kulipa. Likija na makoti ya baridi kwa jua hili la Mombasa, hasara ni yake, si ya aliyezikusanya Ulaya au Marekani.

3/ Upande wa pili ni Changamwe kuelekea Jomvu, kwenye viwanda vya nguo vya EPZ. Sheria ya EPZ ni ya 1990: mwekezaji anasamehewa kodi ya mapato miaka 10 ya kwanza, naye auze hasa nje. Mwaka 2000 Marekani ikaleta AGOA, nguo zetu zikaingia kwao bila ushuru. Maelfu wakapata kazi, wengi wao wanawake.

4/ Kazi gani lakini? Mamangu mdogo alikaa kiwanda kimoja miaka minne akishona mfuko wa nyuma wa jinzi. Mfuko tu, kutwa, kwa hesabu ya saa. Oda zikipungua anaambiwa "mtaitwa." Ile jinzi yenyewe hakuweza kuinunua mpya. Aliipata Kongowea, ishavaliwa na mtu ng'ambo. Mimi na tasnia ya mitindo tulianza kukosana hapo.

5/ Sasa hii ndo sehemu jukwaani haisemwi. Mwaka 2016 viongozi wa Afrika Mashariki walikubaliana mitumba iondolewe kufikia 2019. Mwaka 2017 wafanyabiashara wa mitumba wa Marekani wakalalamika kwa serikali yao, na AGOA yetu ikawekwa mezani. Kenya ikarudi nyuma. Rwanda ikashikilia ushuru wake, na 2018 nguo zake zikasimamishiwa nafuu ya AGOA.

6/ Soma tena hapo. Kazi za Changamwe zililindwa kwa KURUHUSU mitumba ya Kongowea. Jukwaani wanatuambia ni maadui, kumbe wamefungwa kamba moja, na ncha ya kamba iko Washington.

7/ "Lakini mitumba iliua Kicomi ya Kisumu na kuiangusha Rivatex ya Eldoret!" Ilichangia, ndio. Lakini miaka ya 90 soko lilifunguliwa kwa kila kitu, hata nguo mpya za bei rahisi, huku stima ikiwa ghali na wakulima wa pamba wakikata tamaa. AGOA nayo imekuwa ikiruhusu kitambaa cha nchi nyengine, kwa hivyo kingi kimekuwa kikitoka Asia. Sisi twashona tu. Mkulima wa pamba wa Lamu hana lake kwenye jinzi ya Changamwe.

8/ Na marufuku ya ghafla tushaiona. Mwaka 2020, wakati wa korona, mitumba ilizuiwa kuingia miezi kadhaa mpaka Agosti. Kiwanda hakijengwi kwa miezi hiyo. Kibanda chafungika kwa wiki moja.

9/ Wala si sisi peke yetu. Tarehe 24 Aprili 2013, jengo la Rana Plaza, Bangladesh, liliporomoka likaua watu zaidi ya 1,100. Nyufa zilionekana jana yake, na washonaji wakaamrishwa warudi kazini. Nguo zinashonwa mbio hivyo, zinavaliwa mara mbili tatu, zinafungwa robota. Zisizouzika zinaishia jaani, na jaa letu liko Mwakirunge, hapo hapo Kisauni. Nyingi ni poliesta, yaani plastiki.

10/ Bado napenda nguo. Leso yenye jina zuri, shati la kamera nililochambua mwenyewe, suruali iliyopunguzwa na fundi wa mtaani ikanikaa sawasawa. Sitaki kuambiwa nivae gunia ndipo niwe na msimamo. Ninachokipenda ni kitambaa na mikono iliyokishona. Na mikono hiyo ndiyo inayolipwa mwisho.

11/ Kwa hivyo akija kwenu na "nitapiga marufuku" au "sitagusa mitumba," muulizeni:
- Kitambaa kitafumwa wapi, na kwa stima ya bei gani?
- Mshonaji wa EPZ atapata mkataba wa muda gani?
- Mwenye kibanda Kongowea atapewa miaka mingapi ya kujipanga?
- Bila AGOA, mpango ni upi?

Akijibu mawili kati ya hayo, mpigieni makofi. Asipojibu hata moja, basi kaja kupiga picha tu.